Kasha la Mbao Sebuleni: Historia Fupi ya Majivu ya Marehemu na Swali la Mahali pa Kuzikia

Utangulizi

Katika sharika zetu limeanza kusikika swali ambalo wazee waliotutangulia katika huduma hawakulazimika kulijibu. Mtoto wa usharika amefia ng'ambo, alikokwenda kusoma au kutafuta kazi. Gharama ya kusafirisha maiti imewashinda ndugu, au mwenyewe aliacha wasia kwamba mwili wake uchomwe huko huko. Baada ya majuma machache analetwa nyumbani, naye hazidi uzito wa kilo mbili au tatu: majivu ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya kasha. Ndugu humwita mchungaji, nao humwuliza maswali mawili. La kwanza huonekana dogo: je, tumtafutie kasha zuri la mbao linalofaa kukaa nyumbani, na liwe la namna gani? La pili huulizwa na mama mzazi, wageni wakiisha kuondoka: je, mwanangu amezikwa, au bado?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali la kwanza haliwezi kujibiwa vema kabla ya la pili. Tukiifuata historia tutaona kwamba Kanisa, pamoja na kubadilika kwake kuhusu moto, halikuacha kushikilia jambo moja: marehemu apewe mahali, mahali hapo pajulikane na jumuiya, na jina lake lisipotee. Hatukusudii kutunga kanuni, maana hiyo ni kazi ya vikao vya Kanisa. Tunataka tu kumpa mchungaji msingi wa kusimamia atakapoitwa katika nyumba yenye msiba wa namna hii.

1. Sanduku la Yusufu

Wengi hudhani kwamba Maandiko hayasemi lolote juu ya marehemu anayewekwa ndani ya kasha akingoja kurudi kwao. Lakini kitabu cha Mwanzo kinamalizika kwa habari hiyo hiyo. Yusufu alifia ugenini, akatiwa dawa kwa desturi ya Wamisri, akawekwa ndani ya sanduku (Mwa. 50:26). Kabla ya kufa aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake itachukuliwa. Musa aliikumbuka ahadi hiyo usiku wa kutoka Misri (Kut. 13:19), na mwishowe mifupa ilizikwa Shekemu, katika kiwanja alichokinunua Yakobo (Yos. 24:32). Neno la Kiebrania lililotumika kwa sanduku hilo ni *aron*, ndilo lile lile linalotumika kwa Sanduku la Agano, lililotengenezwa kwa mti wa mshita. Sanduku la Agano lilikuwa na vipete na miti ya kulichukulia, kwa sababu lilikusudiwa kusafiri. Nalo sanduku la Yusufu, ingawa lilikaa Misri muda mrefu, halikuhesabiwa kuwa nyumba yake. Lilikuwa chombo cha kungojea.

Habari ya pili ni ya Sauli na wanawe. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha, wakaiondoa miili yao ukutani mwa Beth-shani, wakaiteketeza, kisha wakaizika mifupa chini ya mti (1 Sam. 31:12-13). Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anaposimulia habari hiyo hautaji moto, anataja maziko tu (1 Nya. 10:12). Wafafanuzi wanajadiliana juu ya sababu ya kunyamaza huko. Kwa hoja yetu inatosha kuona kwamba watu wa Yabeshi hawahukumiwi kwa kuuchoma mwili. Wanakumbukwa kwa fadhili waliyomtendea mfalme wao. Kinyume chake, Moabu anashutumiwa na nabii Amosi kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa (Amo. 2:1). Katika habari zote mbili kuna moto, lakini makusudi hayafanani. Wale walitaka kuwastiri wafu wao, na huyu alitaka kumfutilia mbali adui.

2. Kanisa la Kwanza na Moto wa Dola

Wakristo wa karne za kwanza waliishi katika dola ambayo raia zake wengi walichomwa na majivu yao kuwekwa katika vyombo, na vyombo hivyo katika vijumba vya ukutani. Kanisa lilichagua kuzika. Lilifuata desturi ya Kiyahudi, na zaidi ya hayo lilimfuata Bwana wake, aliyewekwa kaburini. Lakini halikuchagua hivyo kwa hofu kwamba moto ungemzuia Mungu kufufua. Mwandishi Minucius Felix, akiwajibu wapagani, alieleza kwamba Wakristo hawaogopi hasara yoyote katika namna ya maziko, ila wanaipendelea desturi ya zamani iliyo bora.

Imani hiyo ilijaribiwa Lyon mwaka 177. Eusebio anasimulia kwamba watesi waliichoma miili ya mashahidi, wakayafagia majivu na kuyatupa katika mto Rhône, wakidhani kwamba kwa njia hiyo wamelivunja tumaini la ufufuo. Hila kama hiyo ilirudiwa baadaye. Jan Hus alichomwa Konstanz mwaka 1415, na majivu yake yakatupwa katika mto Rhine. Mifupa ya John Wycliffe ilifukuliwa na kuchomwa mwaka 1428, na majivu yakatupwa mtoni pia. Waliofanya hivyo walitaka pasiwe na mahali ambapo wanafunzi wa watu hao wangekusanyika na kuwakumbuka.

Augustino, katika kitabu chake kidogo juu ya kuwatunza wafu, alichokiandika yapata mwaka 421, alifundisha kwamba maziko mema ni faraja ya walio hai kuliko kuwa msaada kwa waliokufa. Mama yake Monika, alipokuwa karibu kufa huko Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wasihangaike juu ya mahali pa kuuweka mwili wake. Aliomba tu akumbukwe madhabahuni pa Bwana. Msomaji aone mafundisho haya yanavyotuweka huru pande zote mbili. Mkristo hapotezi wokovu kwa kukosa kaburi. Lakini kwa kuwa walio hai wanahitaji faraja, maziko si jambo la kupuuzwa.

Baada ya dola kuwa ya Kikristo, uhuru huo ulipungua. Sheria ya Karolo Mkuu kwa Wasaksoni, ya karibu mwaka 785, iliweka adhabu ya kifo kwa atakayemchoma maiti kwa desturi ya kipagani. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuchoma maiti kulihesabiwa Ulaya kuwa alama ya upagani, au adhabu ya wazushi.

3. Kutoka Wittenberg hadi Gotha

Martin Luther hakuandika juu ya kuchoma maiti kama tunavyoijua leo, lakini aliandika juu ya mahali pa kuzikia. Mwaka 1527, katika barua yake ndefu juu ya kukimbia au kutokukimbia tauni, alilalamika kwamba uwanja wa makaburi wa Wittenberg ulikuwa kama njia ya watu wote, wenye makelele na usioheshimiwa. Alisema afadhali yeye alale katika mto Elbe au msituni. Alitaka makaburi yawe nje ya mji, mahali patulivu ambapo mtu anaweza kutembea na kutafakari kifo, hukumu ya mwisho na ufufuo. Mwaka 1542 alitoa mkusanyo wa nyimbo za maziko, na katika dibaji yake alieleza kwamba Wakristo huimba makaburini kwa sababu ya tumaini la ufufuo. Kwa Luther, basi, mahali pa kuzikia ni mahali pa kuhubiri.

Moto ulirudi Ulaya katika karne ya 19 kwa mlango wa afya na ufundi. Miji ilikuwa imejaa, na madaktari walilalamika juu ya makaburi yaliyosongamana. Mwaka 1873 Profesa Brunetti wa Italia alionyesha tanuri lake katika maonyesho ya Vienna. Mwaka 1878 tanuri la kwanza la kuchomea maiti katika Ujerumani lilifunguliwa Gotha, katika Thuringia, nchi ya Kilutheri. Pembeni mwake ulijengwa ukumbi wa kuhifadhi majivu. Humo ndimo kilimowekwa chombo cha Bertha von Suttner, mpigania amani, aliyefariki mwaka 1914. Uingereza ilifuata kwa tanuri la Woking mwaka 1885. Prussia, dola kubwa ya Kiinjili, haikutoa ruhusa hadi mwaka 1911.

Makanisa ya Kiinjili yalisita. Wengi wa watetezi wa mwanzo wa tanuri walikuwa watu waliojitenga na Kanisa, na baadhi yao waliutumia moto kama tangazo la kukana ufufuo. Kwa hiyo palikuwa na mahali ambapo mchungaji aliruhusiwa kuomba na familia nyumbani, lakini hakuruhusiwa kuifuata maiti tanurini akiwa amevaa vazi la huduma. Polepole msimamo ulilegea, makanisa yalipotambua kwamba waumini wao wengi walichagua moto kwa sababu za gharama na nafasi, si kwa ukafiri. Roma ilikataza mwaka 1886, ikaondoa katazo mwaka 1963.

Hatuwezi kuiacha Thuringia bila kutaja aibu yake. Katika Erfurt, mji usio mbali na Gotha, kampuni ya Topf und Söhne ilitengeneza matanuri ya kambi za Buchenwald na Auschwitz. Huko miili ya watu ilichomwa pamoja bila majina, na majivu yakamwagwa mtoni, mashimoni na mashambani. Chombo kile kile kilichosifiwa kuwa cha usafi na maendeleo kilitumiwa kuwafuta watu wasikumbukwe. Labda tunafahamu vizuri zaidi sasa kwa nini katika matanuri ya Ujerumani jiwe dogo la udongo wa kuchoma lenye namba huingizwa motoni pamoja na jeneza, ili majivu ya mtu yasichanganyike na ya mwingine. Jiwe hilo halina thamani ya fedha, lakini linamwambia kila mfanyakazi kwamba huyu ni mtu mmoja, naye ana jina.

4. Nchi Tatu, Desturi Tatu

Injili ya Kilutheri ilitufikia kwa mikono ya watu wa nchi mbalimbali. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Waaugustana wa Marekani walianza kazi Iramba mwaka 1926. Waswidi nao walitumika Bukoba na kwingineko. Inafaa kuangalia leo nchi hizo tatu zinafanya nini na majivu, kwa sababu watoto wetu wanafia huko.

Katika Ujerumani sheria iliyozoeleka ni kwamba majivu sharti yazikwe makaburini. Ndugu hawakabidhiwi kuyaweka nyumbani. Sheria hiyo imeanza kulegea: mji wa Bremen uliruhusu mwaka 2015, kwa masharti, majivu kumwagwa katika uwanja wa mtu binafsi, na jimbo la Rheinland-Pfalz mwaka 2025 liliruhusu kuyaweka nyumbani ikiwa marehemu mwenyewe alitaka hivyo. Katika Uswidi, ambako wengi sana huchomwa, majivu yanapaswa kuzikwa katika muda wa mwaka mmoja. Yasikae kabatini bila mwisho. Katika Marekani, ambako sasa zaidi ya nusu ya wafu huchomwa, familia ina uhuru mkubwa, na kutokana na uhuru huo imezaliwa biashara kubwa ya vyombo vya nyumbani. Huko mtu anaweza kununua kasha la mbao lenye umbo la kitabu, la saa ya mezani, au lenye nafasi ya picha mbele, lipatane na samani za sebule.

Roma nayo, mwaka 2016, ilieleza kwamba majivu ya waumini yasiwekwe nyumbani kwa kawaida, bali mahali patakatifu. Na mwaka 2023 ikakubali kwamba sehemu ndogo yaweza kuhifadhiwa mahali penye maana kwa marehemu. Tunaona kwamba mjadala wa leo umehama kutoka kwenye moto. Sasa swali ni la nyumba: je, marehemu ni mali ya familia peke yake, au ni wa jumuiya nzima?

5. Ushahidi wa Afrika

Bara letu lina mashahidi wake. Askofu Mkuu Manasses Kuria, aliyeliongoza Kanisa la Anglikana la Kenya hadi mwaka 1994, alimchoma mkewe Mary mwaka 2002, na yeye mwenyewe akachomwa mwaka 2005. Jambo hilo lilizusha mjadala mkubwa miongoni mwa waumini. Profesa Wangari Maathai, aliyefariki mwaka 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Alichukuliwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji hadi tanuri la Kariokor, Nairobi. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliagiza jeneza rahisi kuliko yote yanayopatikana, nalo lilikuwa la mbao za msonobari lenye vishikio vya kamba. Mwili wake haukuchomwa kwa moto, bali uliyeyushwa kwa maji yenye dawa, na mabaki yake yakazikwa mbele ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Mtakatifu George, Cape Town, tarehe 2 Januari 2022. Tutu alichagua njia mpya, lakini aliwekwa ardhini, mbele ya waumini, mahali ambapo mtu yeyote aweza kwenda kusimama.

Shahidi mwingine anatoka pwani ya Kenya. Wamijikenda, hasa Wagiriama, wana desturi ya kuchonga nguzo za mti mgumu ziitwazo vigango, kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango husimikwa mahali pake katika mji wa ukoo, wala hakihamishwi, hata watu wakihama. Sisi kama wahubiri wa Injili hatukubaliani na imani yote inayoambatana na nguzo hizo. Lakini tuangalie yaliyozipata. Katika karne ya 20 nyingi ziliibwa na kuuzwa ng'ambo kama sanaa, zikapamba majumba ya watu na makumbusho. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa, na miaka mingi ikapita kabla ya kutambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani. Kimoja kilirudishwa mwaka 2006 na cha pili mwaka 2007. Mti ule ule uliokuwa ndugu kwa familia ulikuwa pambo kwa mgeni. Haukubadilika umbo, ulipoteza tu mahali na watu wanaoujua. Hatari hiyo hiyo inalikabili kasha zuri la sebuleni. Mwana analijua ni baba yake. Mjukuu anaambiwa ni babu. Kitukuu akiuza nyumba, mnunuzi atakuta kijisanduku cha mninga juu ya kabati, naye atajiuliza kilikuwa cha kuwekea nini.

6. Kuchagua Kasha

Sasa twaweza kulijibu swali la kwanza. Kasha linalofaa nyumba ya Mkristo ni lile linalojua kwamba halitakaa humo daima. Kwa kanuni hiyo mchungaji aweza kutoa ushauri ulio wazi.

Kuhusu ukubwa, majivu ya mtu mzima hujaa kama lita tatu. Kasha lenye nafasi ya ndani ya sentimita 20 kwa 15 kwa 12 linatosha, na seremala yeyote mwema wa mtaani anaweza kulitengeneza. Kama kasha litasafiri kwa ndege, mbao zina faida juu ya chuma, kwa sababu mashine za ukaguzi huweza kuona ndani yake pasipo kulifungua. Maofisa hawapaswi kuombwa kupekua majivu ya mtu mbele ya abiria.

Kuhusu mti, mninga huchongeka vizuri na haujikunji sana ukikauka. Mvule na mkongo hudumu na kustahimili mchwa. Mpingo ni wa heshima, lakini ni mzito, mgumu na hukua polepole mno. Si lazima mti wa miaka mingi uangushwe ili kusetiri kilo mbili za majivu. Kama kasha litazikwa, msonobari, ambao mafundi huuita paina, unafaa kuliko yote, kwa maana utaoza upesi na kuyaacha majivu yachanganyike na udongo. Sifa ya mbao mbele ya shaba na marumaru ni hiyo hasa: mbao hukubali kurudi ardhini pamoja na aliyewekwa ndani yake. Mfuniko ufungwe kwa skrubu upande wa chini, na majivu yabaki ndani ya mfuko uliofungwa, ili watoto wasilifungue kwa mchezo. Juu yake liandikwe jina la ubatizo, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Kasha lisilo na jina lisikubaliwe, hata likiwa zuri namna gani.

Kuhusu mahali pa kukaa, liwekwe juu ya meza safi, pamoja na Biblia na picha. Lisiwekewe chakula wala kinywaji, wala kuulizwa mashauri. Mchungaji aliseme hilo kwa upole, lakini aliseme. Pia familia ipange siku. Huko Kilimanjaro ndugu wengi hurudi nyumbani mwezi wa Desemba. Basi kasha lililofika Juni laweza kungoja kama mgeni hadi hapo, kisha ifanyike ibada ya maziko kamili, kwa maneno yale yale yasemwayo juu ya jeneza. Mchagga ajuaye maana ya kihamba hatapata shida kuelewa: nyumbani kwa marehemu si kabatini, ni katika udongo wa kihamba, penye masale, ambapo hata mtoto asiyemjua ataonyeshwa. Na usharika wenye uwanja wa makaburi wapaswa kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya majivu kabla ya kuombwa na mfiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba majivu ya mashahidi wa Lyon hayakumshinda Mungu, na kwamba Monika hakuogopa kuzikwa mbali na kwao. Kwa hiyo mchungaji asimtishe mfiwa yeyote kwa habari ya moto. Tumeona pia kwamba sanduku la Yusufu lilingoja, lakini lilingojea maziko. Mama anapouliza kama mwanawe amezikwa, tusimdanganye kwa kusema kwamba kasha zuri ni kaburi. Tumjibu kwamba bado, na kwamba yuko salama mikononi mwa Mungu hata sasa. Kisha tukae naye tuchague siku, na tumpeleke kwa seremala akaagize kasha la mbao lenye jina la mwanawe.